Mshindani Asiyeruhusiwa Kushinda

Msomaji kijana, nataka kukuuliza swali ambalo kwa sura yake ni dogo, na huenda ukacheka kulisikia. Umeketi peke yako mbele ya kompyuta. Unacheza nayo mchezo wa akili, ule wa zamu kwa zamu: wewe unatenda kisha unangoja, nayo inatenda kisha inakungoja. Saa mbili zimepita. Ghafula waona kwamba kompyuta imekuzidi, na ya kuwa baada ya zamu tatu au nne itashinda. Ipo njia ya kuurudisha mchezo nyuma, ulifute kosa lako kana kwamba hukulitenda. Ipo na njia ya pili, ya kuingia katika mipangilio ya mchezo na kuiondolea kompyuta uwezo wa kushinda kabisa. Chumbani hamna mtu. Kompyuta haina moyo wa kuumia wala ulimi wa kulalamika. Je, ukifanya hivyo umemkosea nani?

Nimeliuliza swali hili mbele ya wanafunzi wa Homa Bay na wa Migori, na jibu la wengi lilikuwa moja: hukumkosea mtu yeyote. Jibu hilo lina nguvu, wala sitaki kulipuuza. Kosa, kwa desturi, lahitaji mkosewa. Ukimwibia jirani kuku, jirani amepungukiwa na kuku. Ukiidanganya kompyuta, imepungukiwa na nini? Haikujua kwamba ilikuwa ikicheza, na kesho ukiiwasha itacheza nawe bila kinyongo. Hata hivyo nimeona kwamba wale wale waliotoa jibu hilo hawapendi kulitaja jambo lenyewe wanaposimulia ushindi wao. Husema, "Niliishinda kompyuta," kisha hunyamaza. Ukimya huo ndio ulionifanya niandike insha hii.

Tuanze na michezo tunayoijua nyumbani. Wazee wa Kijaluo wamekuwa wakicheza ajua tangu zamani, mchezo wa vishimo na kete, ambao ni ndugu wa bao la pwani na wa omweso wa Uganda. Katika vituo vya bodaboda kutoka Rongo hadi Mbita utawaona vijana wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda, mmoja ameviinamisha vyake na mwingine ameviinua. Mchezo ni wa watu wawili, lakini tazama idadi ya wanaosimama pembeni! Hao ndio mahakimu. Mchezaji akigusa kifuniko kisha akataka kukirudisha, kelele hupaa hadi ng'ambo ya barabara: aliyegusa amecheza. Hakuna sheria iliyoandikwa mahali pale, wala hakuna mwamuzi aliyelipwa, na bado sheria hulindwa kuliko inavyolindwa katika mahali pengi penye vitabu vya sheria.

Kompyuta iliwaondoa watu hao wa pembeni. Nadhani hilo ni badiliko kubwa kuliko wepesi wake wa kuhesabu, ingawa wepesi huo ndio unaosifiwa. Kwa mara ya kwanza mtu aweza kucheza mchezo wa ushindani mahali ambapo hakuna jicho la mtu mwingine, si la mshindani wala la mtazamaji. Mwanafalsafa Plato wa Uyunani alisimulia zamani habari za pete iliyomfanya mwenye kuivaa asionekane, akauliza kama mtu mwema angebaki mwema akiwa nayo. Alidhani anasimulia jambo la ajabu. Leo pete hiyo huvaliwa kila alasiri na mtoto mwenye simu.

Sitaki kusema kwamba hamu ya kuizuia kompyuta isishinde ni ya watoto tu. Watu wazima, wenye vyeo, waliwahi kuwa nayo, na habari zao zafaa kusimuliwa kwa urefu.

Alikuwako Marekani mwalimu wa hisabati aliyeitwa Marion Tinsley, bingwa wa drafti asiye na kifani. Kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini alishindwa michezo isiyozidi kumi. Huko Alberta, Kanada, Jonathan Schaeffer na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa Chinook, na mwaka 1990 programu hiyo ilishika nafasi ya pili nyuma ya Tinsley katika mashindano ya Marekani. Kwa kawaida nafasi hiyo ilimpa mtu haki ya kugombea ubingwa wa dunia. Vyama vya drafti vya Marekani na Uingereza vikasita, kisha vikakataa: kompyuta haitagombea. Hiyo ni njia ya kumzuia mshindani asishinde, nayo ni njia iliyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa asiyeingia uwanjani hashindi.

Na Tinsley alifanya nini? Taji lilikuwa kichwani mwake, na vyama vilikuwa vimejenga ukuta wa kumlinda. Angeweza kukaa nyuma ya ukuta huo mpaka kufa kwake na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alijiuzulu ubingwa wake ili apate kucheza na Chinook. Vyama vililazimika kutunga taji jipya la mtu na mashine. Mwaka 1992 walikutana London. Walicheza michezo kwa siku nyingi, na mwishowe Tinsley alikuwa ameshinda minne, ameshindwa miwili, na michezo 33 ilikuwa sare. Mwaka 1994 walikutana tena Boston. Baada ya sare sita Tinsley alijitoa kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka uliofuata alifariki dunia kwa saratani. Taji lilikwenda kwa kompyuta.

Wako watakaosema kwamba alipoteza kwa upumbavu kitu alichoweza kukihifadhi. Mimi nasema kwamba ile michezo minne ya London ni mali ambayo hakuna chama kingeweza kumpa. Angekubali kulindwa, leo tungeuliza kama Chinook ingemshinda, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuuliza, usiku, akiwa hana wa kumjibu.

Tangu siku hizo kompyuta zimeendelea sana. Mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov katika sataranji. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walichunguza awari, mchezo wa vishimo wa Afrika Magharibi ulio wa ukoo mmoja na ajua yetu. Kompyuta zilipitia hali zote zinazoweza kutokea, zaidi ya bilioni 889, zikaonyesha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Mwaka 2007 Schaeffer alitangaza kuwa ndivyo ilivyo hata katika drafti. Kwa hiyo mtoto anayecheza drafti na programu ya namna hiyo hana tumaini la kushinda. Tumaini lake ni kutoshindwa. Si ajabu akitafuta mlango wa nyuma.

Lakini ipo michezo mingine ambayo kompyuta haikuimaliza kwa hesabu, nayo ndiyo inayotutia majaribuni zaidi. Mwaka 1991 Sid Meier na wenzake walitoa mchezo uitwao Civilization, na mingi ya namna yake imefuata. Mchezaji huongoza taifa kutoka zama za kale, zamu kwa zamu, akijenga miji, akifanya elimu, akipigana au kupatana na mataifa mengine yanayoongozwa na kompyuta. Wakati wewe unajenga ghala la nafaka, mmoja wa mahasimu wako anakimbilia kutengeneza chombo cha kwenda kwenye nyota, naye akifika kabla yako mchezo umekwisha. Kuna njia za haki za kumzuia. Waweza kumtangulia katika elimu. Waweza kuuteka mji wake mkuu. Waweza kumchonganisha na jirani yake, njia ambayo mimi siipendi lakini sheria inairuhusu. Kuna na njia zile nilizotaja mwanzo.

Hapa mwanafunzi mmoja wa Ndhiwa alinipa hoja ambayo sikuitarajia. Alisema, "Mwalimu, mbona kompyuta yenyewe hupendelewa?" Alikuwa na haki. Katika michezo hiyo, ukipanda daraja la ugumu, mara nyingi kompyuta haiongezewi akili, huongezewa mali. Hujenga kwa gharama ndogo kuliko yako, na hupiga hatua kwa urahisi usio wako. Basi, akauliza, mwenye kudhulumiwa akijisaidia ana kosa gani?

Nilifikiri siku mbili kabla ya kumjibu. Jibu langu ni kwamba upendeleo ule ulitangazwa kabla ya mchezo kuanza, nawe uliuchagua kwa kidole chako mwenyewe. Mzee anapocheza ajua na mtoto anaweza kumpa kete za ziada, au kumwachia aanze, na hakuna aliyedhulumiwa. Ukitaka, chagua daraja la chini, au panga tangu mwanzo kwamba ushindi wa kwenda kwenye nyota haumo katika mchezo wa leo, kwako wala kwa kompyuta. Hayo ni mapatano. Lakini kuuondoa ushindi huo kwa kompyuta peke yake, tena katika zamu ile unapoiona inakaribia kuupata, hayo si mapatano. Tendo la mkono ni lile lile, na kitufe ni kile kile. Tofauti yote imo katika wakati wake na katika sababu yake.

Sasa sharti niungame, maana nisipoungama nitakuwa kama wale wanaonyamaza. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya upande wa Homa Bay, tulikuwa na kompyuta chache za zamani, na mchezo mmoja wa kujenga dola. Stima ilipokatika, aliyekuwa akishindwa ndiye aliyeshangilia. Mimi niligundua kabla ya wenzangu kwamba mchezo waweza kuhifadhiwa kabla ya kila vita, na vita ikienda vibaya ukaurejesha na kupigana upya. Vita moja niliirudia mara saba katika alasiri moja, mpaka bahati ikachoka kunikataa. Kwa njia hiyo nilimaliza daraja la juu kuliko yote. Jina langu likaandikwa kwa chaki juu ya ubao wa chumba kile, nami nikawa naingia polepole ili walitazame.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa babu yangu, Karungu, kando ya ziwa, kwa gari lililopita Rodi Kopany na Ndhiwa likitetemeka njia nzima. Nilimkuta chini ya mti na ubao wake wa ajua. Nikamweleza jinsi nilivyoishinda mashine. Alisikiliza yote, maana alikuwa msikilizaji mwema, kisha akauliza, "Nyakwara, ilipokaribia kukushinda, ulifanya nini?" Nyakwara ni kusema, mjukuu wangu. Nami kwa majivuno nikamfumbulia siri yangu, kwa kuwa niliiona kuwa ni werevu.

Hakunikemea. Alipanga kete, akanialika tucheze. Nilipofanya kosa la kwanza alisema, "Rudisha." Nikarudisha kete, nikacheza pengine. Nilipokosea tena alisema, "Rudisha." Ilikuwa hivyo alasiri nzima. Kila mara alipokuwa karibu kuzikomba kete zangu alinyoosha mkono na kuniambia nirudishe, mpaka mwishowe yeye akabaki hana kete na mimi nina zote. Ndipo aliposema, "Umenishinda. Sasa nenda kwa majirani ukawaambie."

Msomaji, nyumba ya jirani ilikuwa mwendo wa kutupa jiwe. Sikuweza kwenda. Nilikuwa na kete zote mikononi, na sikuwa na neno hata moja la kusema.

Tazama kwamba babu hakudanganywa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa. Hakuumia, hakuibiwa, hakulalamika; kwa habari ya kuumia alikuwa sawa na kompyuta ile. Basi lile nililolihisi halikuwa aibu ya kumdhulumu mtu. Nililolihisi ni kwamba jambo nililotaka kulijua, yaani kama mimi naweza, nilikuwa nimelizuia nisilijue. Mshindani ndiye anayetuletea habari hiyo. Hakuna mwingine awezaye kutuletea, si rafiki wala mzazi, kwa sababu hao hutupenda. Ukimnyima mshindani uwezo wa kushinda umemziba mjumbe kinywa, kisha unasimama mlangoni kungoja ujumbe.

Wala sisemi kwamba kumzuia mshindani ni aibu. Kuzuia ni nusu ya sanaa yenyewe. Ukitaka kuona kuzuia kwa heshima, nenda Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori. Kuta zake zilijengwa yapata miaka 500 iliyopita, mawe juu ya mawe bila udongo wala chokaa, nyingine zikifikia kimo cha meta 4, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Malango yake ni mafupi makusudi, aingiaye sharti ainame, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Waliojenga pale walimpa adui heshima yake yote: walikubali kwamba anaweza kuja, kwamba ana nguvu, na kwamba anaweza kushinda, ndipo wakabeba mawe. Hawakutunga sheria kwamba adui haruhusiwi kuingia, kisha wakalala. Sare thelathini na tatu za Tinsley nazo ni mawe ya namna hiyo.

Nitakubali jambo moja kwa upande wa wapinzani wangu. Si kila anayekaa mbele ya kompyuta anatafuta ushindi. Mtu aliyechoka na kazi aweza kutaka kujenga miji ya kwenye kioo kwa raha tu, bila adui wa kumsumbua, kama mwingine anavyolima maua. Huyo simlaumu, na atakayemlaumu hana kazi. Anachofanya ni kupumzika, naye hatoki chumbani akidai taji. Ubaya hauingii mpaka neno "nilishinda" linapotamkwa mahali ambapo halikustahili.

Na neno hilo halitamkwi katika michezo tu. Mwaka 1982 Bunge la Kenya liliibadilisha katiba, nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na asiye wa chama kile hakuweza kugombea, sembuse kushinda. Mwaka 1988 wananchi walipanga mistari nyuma ya wagombea au mawakala wao ili wahesabiwe mchana kweupe, na iko mahali ambapo mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi mbele ya macho ya wenye mstari mrefu. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu kile cha chama kimoja kilifutwa. Wazazi wako, au wazazi wao, walikuwamo katika mistari ile, waulize. Mimi huwafikiria sana walioingia Bungeni kwa njia hiyo. Walipata kiti, mshahara, na gari. Je, walipata kujua kama watu waliwataka? Waliokuwa na mstari mrefu kweli kweli nao hawakusadikiwa, na hiyo ni hasara ambayo haikuwa ya haki kwao: hila za mmoja zilichafua ushindi wa mwingine aliyeupata kwa halali.

Labda utaniambia kwamba nimeruka kutoka kitufe cha kompyuta hadi Bunge la nchi kwa hatua moja. Ni kweli, na sitadai kwamba kila anayerudisha vita nyuma katika mchezo atakuja kuiba kura. Dai hilo lingekuwa la kipuuzi. Ninalodai ni dogo zaidi. Mkono hujifunza. Mtu aliyezoea kwamba kila anapokaribia kushindwa ipo njia ya kulifuta jambo, siku atakapokutana na kushindwa kusikofutika, katika mtihani, katika biashara ya samaki, katika mapenzi, atakuwa mgeni kabisa mahali pale, na hajui pa kuweka mguu.

Niliporudi shuleni nililifuta jina langu ubaoni kabla ya wenzangu kuingia. Walipouliza nilisema nimelifuta kwa kuwa si kweli, wakanicheka muhula mzima. Nikaanza mchezo upya katika daraja lile lile, bila kurejesha chochote. Mara ya kwanza taifa langu liliangamizwa kabla sijajenga mji wa tatu. Mara ya pili nilifika mbali zaidi. Mara ya tatu nilizuia kwa muda mrefu sana, nikamchelewesha hasimu wangu zamu nyingi, mpaka nikaanza kuamini. Kisha chombo chake kikaruka. Mara ya nne stima ilikatika, na siihesabu.

Desemba nilikwenda tena Karungu. Babu alikuwa palepale chini ya mti.

"Kwaro," nikamwambia, "nimeshindwa mara tatu."

Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kuketi. "Ulishindwa wapi?" akauliza.

Nikaokota kijiti, nikaanza kumchorea mchangani.